Mtoto Aliyeongezeka Ratili Nne

Mtoto mwenye ule ugonjwa wa kuvimba miguu kwa kukosa chakula, akianza kupona, uzito wake hupungua kwanza. Hilo nilifundishwa, nikalifanyia mtihani, nikafaulu. Maji yaliyojaa mwilini hutoka na mizani hushuka. Nyama huja baadaye, polepole, wiki baada ya wiki. Kwa hiyo mama mmoja wa Mtaa wa Sikukuu aliponiletea mtoto aliyeongezeka ratili nne kwa wiki mbili, na miguu imekauka kabisa, nilipaswa kushtuka. Nilishtuka kweli. Kisha nikaandika kwenye kadi, kwa sababu mizani haikuwa na haja ya kunidanganya, na mimi nilikuwa na kila haja ya kuiamini.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mtu wa bara, nimeshuka kutoka Kilimanjaro na sanduku la bati na cheti kimoja. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha akina mama chakula cha watoto katika kliniki ndogo nyuma ya soko la Kariakoo. Siku hizi mtu kama mimi anaitwa mtaalamu wa lishe na ana ofisi yake. Wakati ule hakuna aliyejua aniite nani. Memsahibu, mkuu wa kliniki, aliniita msaidizi. Akina mama waliniita bibi mwalimu. Wenye mabanda sokoni, ambao kila Alhamisi asubuhi niliwapitia kununua dagaa, karanga na mchicha wa kufundishia, waliniita Bibi Dagaa.

“Bibi Dagaa, leo unawapikia watoto au paka?”

Niliwajibu kwa ukali, nao wakazidi kucheka. Mimi ni mwepesi wa hasira, sifichi, na uzee haujanipunguzia kitu.

Kilichowachekesha ni uji wangu. Ulikuwa wa unga wa mahindi, karanga zilizotwangwa, na dagaa wakavu waliosagwa mpaka wakawa vumbi. Ulikuwa na harufu, sikatai. Akina mama wa pale, wengi wao watu wa pwani tangu mababu, walizoea uji wa sukari na pengine tui la nazi, na nilipofunua sufuria walijiziba pua kwa ncha ya kanga, kwa adabu, wakijifanya wanajifuta jasho. Lakini walisikiliza. Kila nilichosema waliitikia, “Ndiyo, bibi mwalimu. Inshallah.” Kwetu mtu akikataa unamwona amekataa. Pale ilinichukua muda mrefu kujua kwamba nilikuwa nikiitikiwa kwa heshima zote na watu ambao hawakunikubalia hata neno moja.

Mama huyo alikuja Alhamisi moja ya joto kali. Alikuwa wa rika langu, amejitanda kanga mpaka usoni, na mtoto aliyembeba amefunikwa gubigubi. Alisimama mwisho wa mstari, na kila aliyekuja nyuma yake, yeye alimpisha apite. Mimi sikupenda mstari wangu uchezewe. Nikamwita mbele, nikampokea mtoto, nikamfunua.

Alikuwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Nywele zilikuwa nyepesi na zimegeuka rangi ya kutu. Ngozi ya mapaja ilikuwa inabambuka. Miguu ilikuwa imevimba hadi vidole havionekani vizuri. Hakulia nilipomfunua. Alitazama ukuta tu, na mtoto wa umri ule kutazama ukuta bila kulia ni jambo baya kuliko uvimbe wenyewe.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, lakini ndilo neno lenyewe. Ugonjwa ule nilikuwa nimeuona kwenye picha na kwenye wodi tulikojifunzia, na sasa nilikuwa nao mkononi, mbele ya akina mama thelathini. Nikauinua mguu wake juu ili waone wote. Nikaubonyeza kwa kidole gumba, nikaondoa kidole, na shimo likabaki palepale.

“Tazameni,” nikasema. “Huyu ameachishwa ziwa akapewa uji mtupu. Hili si jini wala si kijicho. Ni chakula.” Kisha nikamgeukia mama yake. “Kwa nini umemwachisha mapema hivi?”

Nikamtazama tumboni, nikaelewa, au nilidhani nimeelewa.

“Kumbe una mimba nyingine. Ya miezi mingapi?”

“Minne,” akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

Chumba kizima kilivuta pumzi. Mwanamke mmoja alimkumbatia mtoto wake akamgeuza upande wa pili. Wawili wakanong'onezana. Nikajisemea kwamba somo limeingia, maana siku nyingine walikuwa wakisinzia. Nilimpima mtoto, ratili kumi na saba, nikaandika kadi, nikampa mama bati la maziwa ya unga na kumweleza namna ya kuyakoroga. Nakumbuka alimfunika mtoto kwanza, ndipo akanyoosha mkono kupokea maziwa.

Alhamisi iliyofuata hakuja.

Hilo lilinikera na kuniogopesha pia, kwa sababu mtoto wa namna ile akiachwa hufa, na si kwa kuchelewa. Niliiona ile miguu kila nilipofumba macho. Siku ya pili yake nilivaa sare yangu, nikachukua daftari, nikaenda kwa miguu hadi Mtaa wa Sikukuu. Ilikuwa nyumba kama nyumba zote za pale, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, ua nyuma, na baraza mbele. Barazani alikaa mwanamke wa makamo akisuka ukili wa mkeka.

“Hodi. Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Alikuwa mama mkwe wa yule mama. Nikamuuliza mtoto hajambo, akasema hajambo. Nikaomba nimwone, akasema amelala. Nikamuuliza mama yake, akasema naye amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, na ndani nilisikia mtu akitembea.

Basi nikapaza sauti ili aliyekuwa ndani asikie. “Mama, mwambie asipomleta atakufa! Na mwambie mimba yake si sababu ya kumnyima huyu chakula!”

Mikono ya yule mama iliacha kusuka.

“Mimba?” akauliza.

“Ya miezi minne,” nikasema. Nilijua jibu, na mimi nikijua jibu siwezi kukaa nalo.

Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama. Mama mkwe aliutazama ukili wake, kisha akanishukuru. “Ahsante, mwanangu. Mungu akubariki. Nenda salama.” Nilirudi kliniki nikiwa nimechanganyikiwa. Sijawahi kushukuriwa vizuri namna ile huku nikihisi nimefukuzwa.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, yule mama alikuja. Safari hii alisimama katikati ya mstari kama wenzake. Mtoto alikuwa na kofia ya kufuma, na nilipoivua nikakuta kichwa kimenyolewa.

“Nimemnyoa, bibi mwalimu. Zile nywele zilikuwa mbaya.”

Nikamweka kwenye mizani. Ratili ishirini na moja. Nikamtoa. Nikaweka jiwe letu la ratili tano kuona kama mizani imeharibika, na mizani ikasema tano. Nikamrudisha mtoto. Ishirini na moja, na sasa alikuwa analia kwa nguvu na kuishika kalamu yangu. Nikaubonyeza mguu. Haukubonyea hata kidogo.

“Unampa nini?”

“Uji wako, bibi mwalimu. Na maziwa.”

Alisema bila kunitazama usoni, lakini wengi hawakunitazama usoni. Nikampa bati jingine. Alilipokea kwa mikono miwili, akaondoka haraka.

Memsahibu alipoiona kadi alivua miwani. “Hii hawezekani,” akasema kwa Kiswahili chake. Kisha akaivaa tena na kuitazama upya, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi alinitabasamia. Akataka nimwandikie vipimo vya uji, vijiko vingapi vya nini. Akaibandika kadi ukutani, akaniambia niandike nyingine ya mama kutembea nayo. Akasema akina mama wa Kizungu fulani kutoka mjini, watu wazito, wangefurahi kuja kumwona mtoto huyo kwa macho yao.

Ningependa kusema kwamba nilifurahi tu. Ukweli ni kwamba nilianza kuumwa na kichwa. Nilizifungua daftari zangu za mafunzo, nikasoma palepale nilipopajua kwa moyo, kwamba uzito hushuka kwanza. Basi labda siku ya kwanza niliandika kumi na saba badala ya ishirini. Lakini ule uvimbe? Labda niliuona mkubwa kwa sababu nilitaka kuuona. Labda lile shimo lilitokana na nguvu za kidole changu. Labda uji wangu una kitu ambacho hata walionifundisha hawakijui. Wazo hili la mwisho ndilo nililolipenda, na ndilo nililolichukia, maana lilikuwa likinijia kila nilipochoka kufikiri. Alhamisi tatu zilifuata, na kila Alhamisi mtoto alikuja mnene, mchangamfu, anayenichomoa pini za kofia yangu. Kila Alhamisi nilijiuliza ni nini ninachoshindwa kuona. Nikimtazama mama namwona anakonda. Nikamwambia naye ale. Akaitikia ndiyo.

Nilipoambiwa siku ambayo wageni wa memsahibu wangekuja, nilikwenda mwenyewe Mtaa wa Sikukuu kumpa mama habari. Ilikuwa alasiri. Barazani hapakuwa na mtu. Nikapiga hodi mara tatu, lakini uani palikuwa na mtu anatwanga, hawakunisikia. Nikapita ukumbini mpaka uani.

Mwanamke nisiyemjua alikuwa amekaa kwenye kigoda ananyonyesha. Mtoto aliyemnyonyesha aligeuka aliposikia viatu vyangu. Alikuwa na kile kichwa kilichonyolewa. Alinicheka, akanyoosha mkono kutaka pini za kofia yangu.

“Huyu ni wako?” nikamuuliza yule mwanamke.

Alivuta kanga kifuani, akatazama mlango wa chumba kimoja upande wa ukumbini. Nami nikautazama. Nadhani nilikuwa nimejua tangu mguu wangu wa kwanza kuingia uani, lakini kujua kulikuwa kunakuja polepole, na hasira ikafika mbele.

Nikasukuma mlango. Yule mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Mapajani amemlaza mtoto, mtoto wake, yule wa nywele za kutu, mwenye kamba ya dawa shingoni. Mkononi alishika kikombe cha bati.

Sikumbuki yote niliyosema. Ninayoyakumbuka yanatosha. Nilisema amenifanya mjinga mbele ya kazi yangu. Nilisema amemficha mtoto gizani afe huku akija kula maziwa ya serikali kwa mtoto wa jirani. Nikamnyakua mtoto mapajani pake nikatoka naye uani kwenye mwanga, nikamwinua kama nilivyofanya siku ile kliniki. “Njooni mwone! Huyu ndiye mwenyewe!” Waliokuwa vyumbani walitoka. Aliyekuwa akitwanga aliacha. Wa nyumba ya pili alichungulia juu ya ukuta wa makuti. Mama mkwe alitokea ukumbini, akasimama pale.

Mtoto alianza kulia. Aligeuza kichwa kuelekea chumbani, akanyoosha mkono kule kilikobaki kikombe.

“Dada,” mama yake akasema. Hakuwahi kuniita dada kabla ya hapo. “Naomba umrudishe ndani. Mkasirikie mama yake, lakini yeye umrudishe ndani.”

Nikamrudisha mtoto. Kisha nikaona kadi juu ya sanduku, nikaichukua. Kadi ile ndiyo iliyokuwa ikimpatia maziwa. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikatoka, nikatembea hadi nyumbani. Na nilijiona nina haki, haki tupu, isiyo na doa.

Nilipanga chumba katika mtaa wa Gerezani kwa mama mmoja mjane, mwenyeji wa mji tangu kuzaliwa, aliyekuwa akinichukulia kama mtoto wake mwenye kichwa kigumu. Nilimkuta anakuna nazi. Nikamsimulia yote kwa pumzi moja, nikitegemea aniunge mkono. Aliendelea kukuna mpaka nilipomaliza.

“Mwanangu,” akasema, “na ile mimba uliitaja mbele ya watu?”

“Nilitaja. Ni ya miezi minne. Sasa ni zaidi.”

“Na mguu ukauinua.”

“Niliuinua wauone.”

Akakiweka chini kifuu cha nazi, akanieleza kitu ambacho kila mwanamke katika mstari wangu wa Alhamisi alikijua isipokuwa mimi. Pwani, mtoto wa kunyonya akidhoofu namna ile, na mama yake ana mimba nyingine, watu husema mtoto amebemendwa. Maana yake wazazi hawakuvumilia. Wamelala pamoja kabla ya wakati, na wao wenyewe wamemharibu mtoto. Wenye ndimi kali husema zaidi, kwamba mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na anayeshukiwa kwanza ni mama. Mwanamke huweza kupewa talaka kwa jambo hilo. Ndiyo maana mtoto wa hivyo hatolewi nje. Anafichwa, anaogeshwa dawa, mpaka apone au asipone.

“Wewe ulipouinua mguu ukasema njaa,” akasema, “wao hawakusikia njaa. Walimwona mama yake yuko uchi.”

Nilimwambia hayo ni mambo ya giza, kwamba nilisomea kitu hiki, kwamba hakuna mtoto aliyewahi kuvimba kwa sababu ya kitanda cha wazazi wake. Akasema huenda ni kweli. Akasema hata hivyo angependa kujua, maziwa yale ya bati alikuwa anakunywa nani.

“Mtoto wa jirani, nani mwingine!”

“Mwenye kikombe nani?”

Nikaenda kukaa kwenye ngazi ya ua, na hapo mambo yakaanza kunirudia moja moja, kwa utaratibu ambao ningeyaona kama ningekuwa na macho. Yule jirani alikuwa ananyonyesha mtoto wake, na mtoto huyo alikuwa mnene tangu mwanzo, hana haja ya bati la mtu. Kikombe kilikuwa kwa mgonjwa. Na miguu yake! Nilikuwa nimemshika mikononi, nimeiona kwa karibu, na sikuitazama. Haikuwa imevimba. Ilikuwa myembamba kabisa, ngozi imelegea kama soksi iliyokwisha mpira. Maji yalikuwa yametoka. Tena alilia. Tena alinyoosha mkono kutaka kikombe. Mtoto yule aliyekuwa akitazama ukuta alikuwa amelia na kutaka chakula chake, na mimi, mwalimu wa chakula, nikafikiri ananiogopa.

Alikuwa anapona. Yule mama alikuwa ameshika kila neno nililomfundisha. Alikuja kila Alhamisi kuchukua maziwa, na kwa kuwa mtoto wake hakuweza kuonekana na mimi nilikuwa sitoi maziwa bila mtoto, aliazima mtoto. Pia alikuwa amegundua kwamba asipokuja na mtoto, mimi nitafika barazani na mdomo wangu. Na lililonivuruga zaidi ni hili: kama angemleta mgonjwa mwenyewe kila wiki, mizani ingeshuka, na memsahibu angesema uji wangu haufai. Yule wa uongo ndiye aliyepanda kama tulivyotaka. Wa kweli ndiye aliyepona kama vitabu vilivyosema. Nilikaa pale nikijaribu kuamua nani alimdanganya nani, na sikuweza. Hata leo nikianza kupanga jambo hili linanitoka mikononi.

Asubuhi nilikwenda mapema, bila sare, na kadi mkononi na mabati mawili ya maziwa ndani ya kikapu. Nililia njiani, kitu ambacho si kawaida yangu. Mama mkwe alikuwa barazani.

“Amerudi kwao,” akasema.

“Na mtoto?”

“Na mtoto wake.”

Nikauliza kwao ni wapi. Akanikaribisha chai. Nikauliza tena, akasema Mungu ndiye ajuaye, na akanishukuru kwa kuja. Yule jirani aliponiona alijifungia chumbani. Niliyaacha mabati barazani nikijua kwamba hayatafika popote, nikaondoka.

Kwa memsahibu nilisema familia imehama. Alisikitika kwa ajili ya wageni wake. Sikumwambia zaidi, na kadi ya mtoto wa jirani ilibaki ukutani, akina mama wapya wakaonyeshwa, na mimi ndiye niliyewaonyesha. Kila nilipoigusa kwa kijiti changu nilifikiri juu ya yule mwingine. Maziwa yalikatwa wakati mwili wake ulipokuwa ndio kwanza unaanza kuamka, na mtoto akikatiwa pale huanguka haraka. Nilihesabu siku. Baada ya wiki sita niliacha kuhesabu, kwa sababu niliamini nimemuua. Nililiamini hilo moja kwa moja, nikapika uji kila Alhamisi, na sikuuinua tena mguu wa mtoto yeyote mbele ya watu.

Masika yalipita. Siku moja, katika baridi ile ndogo ya Juni, nilikuwa sokoni Kariakoo nachagua mchicha. Mtu alisimama upande wa pili wa fungu. Alikuwa yeye. Mgongoni alibeba mtoto mchanga, na mkononi alimshika mwingine wa miaka miwili hivi, amesimama kwa miguu yake, anakula muhogo wa kuchoma.

“Hujambo, dada,” akasema.

Niliitikia. Macho yangu yalikuwa kwa yule wa muhogo. Nilimtazama paji la uso, masikio, mdomo, nikatafuta popote pa kushika. Nilikuwa nimeandika kuhusu mtoto huyu, nimembonyeza mguu, nimemnyanyua mara mbili mbele ya watu, nimemlilia miezi mitatu, na sikuujua uso wake. Angeweza kuwa yeye. Angeweza kuwa wa jirani mwingine. Mama aliniacha nitazame mpaka akaona ninachotafuta.

“Humjui,” akasema.

“Simjui.”

“Ndiye. Ndiye yule wa ndani.”

Nikaanza kulia palepale, kwa sauti, mbele ya wauza mchicha ambao hawakuwahi kukosa la kunitania, nao wakanyamaza. Nikamwambia anisamehe. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alisubiri nimalize. Nikamuuliza maziwa alipata wapi.

Alinieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Amehamia Ilala kwa dada yake. Kule nako kuna kliniki. Jirani wa dada yake ana mtoto mwembamba wa asili, anakula kama kuli wala hanenepi. Kila Jumatano humbeba huyo, huandikiwa maziwa, na wao hugawana. “Na wangu namsagia dagaa kwenye uji, kama ulivyosema. Haupendi, lakini anakunywa.”

“Na mwalimu wa kule hajagundua?”

“Ah, yule hana shida, dada,” akasema. “Yule hafiki nyumbani kwa watu.”

Hakulisema kwa kunichoma. Alikuwa anamsifu mwenzangu kwa kazi yake nzuri.

Sikujua nifanye nini na mwili wangu. Nikainama, nikanyoosha mikono nimbebe mtoto, japo kidogo tu. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akamvuta mtoto taratibu nyuma ya kanga yake.

“Mwache tu, dada,” akasema. “Wewe ukimshika utampima.”

Nikaishusha mikono yangu.